Swali la Lugha: Mungu mke, mungu wa kike, au bandia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, kwetu Tanga, ila huu ni mwaka wa sita niko Galway, Ayalandi. Huku tarehe 1 Februari ni siku ya Brigit, na wenzangu wa kikundi cha ushairi wameniomba niwaandikie shairi la Kiswahili juu ya Brigit wa zamani, yule aliyeabudiwa kabla ya Ukristo. Nilipotafuta neno la kumwita, nikakuta wenyewe kwa Kiayalandi wanasema *bandia*. Nikaona nilichukue lilivyo. Nimeanza hivi:

*Bandia wa mashairi, anawasha moto wake,*
*Msichana, mama, bibi, sura tatu, sura zake.*

Nikamsomea mdogo wangu kwa simu, akacheka mpaka simu ikakatika. Sasa niandike mungu mke, mungu wa kike au mungu jike? Wakiwa wengi, ni miungu wa kike au miungu ya kike? Na nifanyeje msikilizaji ajue kwamba huyu ni mwanamke, maana "yeye" yetu haisemi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mdogo wako msamehe. Hata mimi nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu kosa lako ni la mtu aliyefanya kazi yake vizuri. *Bandia* ya Kiayalandi ni neno halali kabisa. Ni *bean*, mwanamke, ambalo likiunganishwa na neno jingine huwa *ban-*, pamoja na *dia*, mungu. Wewe mwenyewe, kwa kazi yako, lugha hiyo inakuita *banaltra*. Basi bandia kwao ni mungu-mwanamke. Bahati mbaya kwetu bandia ni mwanasesere wa kuchezea watoto, na ni noti ya kughushi, na nywele za dukani, na meno ya kubandika. "Bandia wa mashairi" sikio la Tanga linasikia mshairi wa uongo. Ukiongeza "mungu bandia" ndipo umemaliza kabisa: umekwenda kumsifu Brigit, umerudi umehubiri kinyume chake.

Maneno ya lugha mbili hufanana sura bila kuwa na undugu wowote, na hilo usilitafutie siri. Liache.

Sasa hayo matatu uliyoyapendekeza. Mungu jike futa leo hii. Jike ni la mbuzi, bata na simba. Likiwekwa kwa mtu ni tusi, au ni sifa ya utani kwa mwanamke shupavu, na yote mawili hayafai hapa. Zinabaki mbili.

"Mungu mke" ndilo la zamani. Limeundwa kwa -ke ileile iliyomo katika "mwanamke", na waliotafsiri Biblia ya Union walilitumia kwa Artemi wa Waefeso, katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Ila siku hizi "mke" likisimama peke yake, wengi husikia mke wa mtu, na msikilizaji wako anaweza kuuliza: mke wa nani? "Mungu wa kike" halina tatizo hilo, limejengwa kama "mtoto wa kike", na kwa nathari, yaani makala, maelezo na utangulizi wa shairi lako, ndilo ningelishika.

Katika shairi, hata hivyo, kuna hesabu. "Mungu wa kike" ni mizani 5. "Mungu mke" ni 4, maana ile m ya "mke" ni silabi kamili. Wewe umechagua mizani 8 kwa 8, kwa hiyo "Mungu mke wa shairi" inatosha sawasawa, na "Mungu wa kike wa shairi" inazidi kwa moja, shairi linakuwa guni. Mke wa nani? Jibu limo mbele yake: wa shairi. Hapo ule utata unaanza kukufaa. (Na sema "shairi", usiseme "mashairi", kwa hesabu hiyohiyo.)

Herufi: Mungu kwa M kubwa ni yule mmoja. Brigit aanze kwa m ndogo, isipokuwa mwanzoni mwa mstari. Wasomaji wako wa nyumbani, Waislamu na Wakristo, wataliona hilo kabla hawajaona kingine.

Kuhusu wingi, utasikia ubishi. Umbo "miungu" ni la mti na miti, na Amri ya kwanza katika Union inasema "Usiwe na miungu mingine ila mimi", haikusema wengine. Lakini angalia kazi ya ile sentensi: hao ni miungu wanaokataliwa, wanaoshushwa wawe vitu. Ukiwa unasimulia wenye majina, wanaotembea na kusema, Kiswahili chenyewe kinakuvuta kwenye upatanisho wa viumbe hai. Chukua kisa cha Ériu, Banba na Fódla, waliokutana na Amergin, mshairi wa wageni walioingia kisiwani Ayalandi, kila mmoja akaomba nchi iitwe kwa jina lake. Mimi siwezi kuandika "miungu mitatu iliomba". Nitaandika "miungu watatu wa kike waliomba". Ériu ndiye aliyepata, na kila Mswahili anayeandika "Eire", yaani Ayalandi, kwenye habari za michezo anamtaja bila kujua.

Swali lako la mwisho ndilo kubwa, na ndilo nililotaka tukae nalo.

Kiayalandi kina *sí* kwa mwanamke na *sé* kwa mwanamume. Sisi tuna a-. "Anawasha moto": nani, baba au mama? Tena majina yetu ya kazi hayasaidii. Mshairi, malenga, mhunzi, tabibu, yote ni ya mtu yeyote, na ukitaja mhunzi wengi tunaona kichwani mwanamume mwenye nyundo. Watu wengi wakiliona pengo hili hukimbilia kurudia: mungu wa kike alikuja, mungu wa kike akasema, mungu wa kike akalia. Hiyo ni ripoti, mwanangu, si shairi. Mtaje mara moja kwa cheo kinachobeba uanamke, kisha iache a- itiririke. Mbele ya msikilizaji aliyekwisha kumwona, a- hubeba alichokiona.

Na vyeo hivyo tunavyo. Pwani ya kaskazini mwanamke wa heshima aliitwa Mwana. Ndivyo tunavyomjua Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Kuna Nana, la washairi wa kale. Kuna Bibi, lakini liangalie: pwani ni mwanamke wa heshima, bara ni mama wa mama yako. "Mwana Brigit" ningeliandika bila woga. Watu wa huko wenyewe walishafanya jambo la namna hiyo: Brigit wa pili, mtakatifu wa Kikristo wa mji wa Kildare, walimwita Maria wa Wagaeli, yaani wa Waayalandi wenyewe.

Mstari wako wa pili nao una kasoro mbili. Ya kwanza ndogo: kina cha kati kimepotea, *ri* juu na *bi* chini. Ya pili ni ya maana. "Msichana, mama, bibi" si Brigit wa vitabu vya kale. Utatu huo wa umri umeenezwa sana na mshairi Mwingereza Robert Graves, katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, na tangu hapo watu huwavika karibu kila mungu wa kike wa Wakelti, jamii ya kale ya Ulaya walimo Waayalandi. (Ndiyo, Wakelti kwa k. Waselti nimeliona, lakini Wagiriki waliowaandika zamani walianza na k, na sisi k tunayo.) Shahidi wa zamani tuliye naye ni kamusi ya maneno magumu inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Cashel, aliyekufa mwaka 908. Inasema Brigit ni binti wa Dagda, mungu wa Waayalandi wa kale, aliabudiwa na washairi, na alikuwa na ndugu wawili wa kike wenye jina hilohilo: Brigit wa uganga na Brigit wa uhunzi. Watatu, jina moja, kazi tatu. Hakuna bibi kizee hapo. Kwangu hii ni tamu kuliko ule mpangilio wa miaka, maana inamweka mwanamke kwenye kalamu, kwenye dawa na kwenye fuawe. Ningekurekebishia hivi:

*Mungu mke wa shairi, awashaye moto wake,*
*Na tabibu mashuhuri, na mhunzi, dada zake.*

Tazama "dada zake" linavyofanya kazi. Ungeweka "ndugu zake" mizani ingetosha na uanamke ungepotea. Najua dada kwa desturi ni yule mkubwa, na kamusi haisemi nani alimtangulia nani kuzaliwa, ushairi utatuvumilia. Na "awashaye" nimelipenda kuliko "anawasha", kwa sababu moto huo haukuwa wa siku moja. Gerald wa Wales, aliyeandika karne ya 12, anasimulia kwamba Kildare watawa 19 walipokezana zamu ya kuulinda, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 waliuacha mikononi mwa Brigit mwenyewe. Mwanamume hakuruhusiwa kuvuka ua.

Yule bibi kizee usimtupe. Ana nyumba yake, ila si hii. Anaitwa *Cailleach*, na ukitaka kumtungia siku nyingine, anza na neno lenyewe. Limetokana na *pallium* ya Kilatini, vazi la kujifunika: mwenye utaji. Likawa mtawa, kisha likawa mwanamke mzee. Sasa weka pembeni "mtawa" wetu. Kutawa ni kukaa ndani, na mwari alitawishwa. Kutoka hapo tukapata mtawa wa Kanisa. Lugha mbili zisizojuana zimefika kwenye mlango uleule, moja kwa njia ya shela na nyingine kwa njia ya ukuta. Kwa uzee wake una neno zuri zaidi ya "bibi kizee": ajuza. Mwanamume mzee ni shaibu, hawi ajuza, hivyo uanamke umo ndani ya neno na hukuongeza kitu.

Kuna shairi la kale sana la Kiayalandi ambamo ajuza wa Beare, rasi ya kusini-magharibi, ndiye anayesema. Zamani alikunywa mvinyo na wafalme. Sasa anakunywa maji ya maziwa yaliyoganda, pamoja na vikongwe wenzake. Anaanza kwa kusema maji yamemtoka kama yanavyoitoka bahari. Watafsiri wa lugha nyingine hapo huhangaika. Wewe umezaliwa Tanga, umeona ngalawa imelala ubavu kwenye matope maji yakiwa yamekwenda zake mbali, na unajua ile ngalawa imefanywa nini: imepwelewa. Katika mnyambuliko huo mwenye kupatwa yumo, bahari imo na majuto yamo. Ajuza wa Beare kwa Kiswahili anahitaji neno moja tu kufungua shairi lake: *Nimepwelewa*.

Mto Boyne pia utakuuliza swali la sarufi. Ukieleza safari ni "Mto Boyne unapita karibu na Newgrange", lile kaburi la kale. Lakini katika hadithi mto huo ni Boann, aliyekizunguka kisima kilichokatazwa, kinyume cha mwendo wa jua, maji yakafoka na kumfukuza hadi baharini. Humo andika "Boann anashuka". Upatanisho ukibadilika katikati ya ubeti, kutoka u- kwenda a-, msikilizaji ataona mto unageuka mtu bila wewe kumwambia, na hiyo ni hila ambayo Kiayalandi hakina.

Beti zilizobaki nitumie kabla ya Februari. Angalia kina cha kati.