Panga kwa Siku Yako Mbaya

Mtu akiniambia anataka kubadili mtindo wake wa maisha, simuulizi lengo lake ni lipi. Namuuliza hivi: jambo hilo utaliweza siku ambayo usingizi ulikuwa wa vipande vipande, mtoto ana homa, na bosi amepiga simu mara mbili kabla hujanawa uso? Wengi hucheka, halafu hunyamaza. Ratiba waliyoiandika ni ya mtu mwingine kabisa, yule anayeamka alfajiri akiwa mchangamfu, anakimbia, anaoga, anaandaa mlo wa rangi zote, anasoma kurasa kadhaa ndipo anaanza kazi. Mtu huyo yupo ndani yetu, sikatai. Ila hututembelea mara chache mno.

Ndiyo maana siku hizi kila tabia ninayotaka kuijenga naipima kwa siku mbaya. Kama haipiti hapo, naipunguza mpaka ipite, hata ikibaki ndogo ya kuchekesha.

Mazoezi yangu ya viungo, kwa mfano, yako jikoni. Asubuhi nawasha birika. Tangu niliwashe hadi maji yachemke kuna dakika tatu au nne ambazo vinginevyo zingeishia kwenye simu. Nasimama pembeni ya meza, miguu imeachana kwa upana wa mabega, kifua juu, napiga skwati: nashuka kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda kisha akaghairi, nainuka. Visigino havibanduki sakafuni, magoti yanafuata vidole vya miguu, hayaangukii ndani. Birika likianza kunguruma najua muda unakaribia. Likijizima naacha, hata kama nilikuwa bado na nguvu. Hapo pa kuacha watu hawapapi uzito wake. Ukimaliza ukiwa bado unataka kidogo, kesho hutasukumwa na mtu. Ukimaliza ukiwa hoi, kesho utakumbuka birika lina uhusiano na maumivu, na utaanza kunywa chai ofisini.

Sikutafuta muda mpya wa mazoezi, maana muda mpya haupatikani. Birika lingewashwa tu, niwe na hamu au nisiwe nayo, na mimi nimelitwika jambo moja zaidi. Wanasaikolojia wana utafiti mwingi kuhusu hili. Peter Gollwitzer, Mjerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango inayofungwa kwa muundo wa "kikitokea hiki, nitafanya kile", na jinsi inavyoshinda nia ya jumla ya "nitajitahidi". Sababu haina ajabu. Anayesema atajitahidi anaamua upya kila siku, na kuamua kunachosha. Aliyefunga mpango wake kwenye tukio amekwisha kuamua mara moja, na tukio ndilo linalomkumbusha.

Kazi kubwa basi ni kuchagua tukio, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakikwama. Saa si tukio zuri. Ukisema "saa kumi na mbili jioni nitatembea", saa hiyo itakukuta njiani, kwenye kikao, au umejilaza na viatu miguuni. "Baada ya chakula cha mchana" nayo ni pana, kwa sababu chakula cha mchana kinaishaje hasa? Chagua kitu chenye mwisho unaoonekana kwa macho: naweka sahani kwenye sinki, nafunga mlango wa gari, navua viatu vya kazi, nabana kifuniko cha dawa ya meno. Tena kiwe kinatokea kila siku na mara zinazojulikana. Na kiwe mahali palepale jambo linapofanyika. Tukio la chooni haliwezi kukukumbusha jambo la sebuleni. Ukifika sebuleni umeshasahau.

Kuna ile namba ya siku 21 inayozunguka kila mahali. Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya baada ya upasuaji. Hakuwa akizungumzia mazoezi wala kunywa maji, na neno "angalau" lilidondoka njiani. Waliopima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Waliwachukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, akalifunga kwenye tukio la kila siku, na akafuatiliwa kwa wiki 12. Wastani wa muda hadi jambo lianze kujiendesha ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: makadirio ya kihesabu, mengine yakivuka zile wiki 12, yalianzia siku 18 hadi 254. Wenye mambo mepesi, kama glasi ya maji, walizoea mapema kuliko wenye mazoezi. Na kuruka siku moja hakukuvuruga safari yao kwa kiasi cha kutisha.

Hilo la mwisho ndilo ningependa lisambae kama ile 21 ilivyosambaa. Simu nyingi sasa zina programu zinazohesabu siku ulizofululiza bila kukosa. Mimi sizipendi. Ukifikisha siku nyingi unaanza kuilinda namba badala ya kulinda afya, na siku namba inaporudi sifuri unahisi umepoteza kila kitu, wakati mwilini hakuna kilichopotea. Ukikosa leo, kesho birika litawaka tena. Usilipe deni kwa kufanya mara mbili. Kulipa deni ndiko kunakogeuza tabia kuwa adhabu.

Sasa tabia unayotaka kuiacha. Hii haifungwi kwenye tukio, hii inaondolewa mahali pake. Wendy Wood na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002, waliwaomba watu waandike walichokuwa wakifanya kila saa, wakakuta takriban asilimia 43 ya matendo hufanywa karibu kila siku, mahali palepale, mara nyingi akili ikiwa kwingine. Kama karibu nusu ya siku inaendeshwa na mahali, basi kupambana na nafsi yako ukiwa umekaa palepale ni kujichosha bure.

Simu yangu inalala sebuleni. Chaja imefungwa nyuma ya rafu, waya wake hauvutiki hadi kitandani, na kando ya kitanda kuna saa ya kengele ya kawaida, yenye mishale. Siku za kwanza mkono ulikuwa unapapasa gizani ukitafuta kitu kisichokuwepo; mkono una kumbukumbu zake. Sikuwa na nia ngumu kuliko jirani yangu. Ni kwamba kutoka kitandani, kuvaa kandambili na kutembea hadi sebuleni ili nione watu wanabishana nini ni kazi, na saa tano usiku mimi si mtu wa kazi. Kama una chaja ya pili iliyojificha kwenye droo, ipeleke kazini leo. Chaja ya pili ndiyo mlango wa nyuma.

Ninasisitiza usingizi kwa sababu ndio unaobeba vingine. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku, na asiyezipata hata mboga zitamshinda kesho yake, maana mwili uliochoka unadai sukari na mafuta. Mawili yanasaidia kuliko mashuka mapya. La kwanza ni saa ya kuamka isiyobadilika, hata siku za mapumziko. Saa ya kulala hujipanga yenyewe kwa kuifuata. La pili ni kafeini. Kwa mtu mzima wa kawaida, kafeini huchukua saa kama tano kupungua hadi nusu mwilini. Kikombe cha kahawa cha saa kumi jioni, nusu yake bado inakimbia kwenye damu saa tatu usiku. Unaweza kulala nayo, ndiyo, lakini usingizi utakuwa wa juu juu.

Kutembea nako kuna namba yake maarufu, hatua 10,000. Ilitoka kwa kampuni ya Yamasa ya Japani, iliyotoa kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965 na kukibandika namba hiyo. Ilikuwa biashara, na biashara nzuri. Baadaye watafiti walipopima, picha ikawa ya huruma zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake wazee wa Marekani wenye wastani wa miaka 72, ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache wazi wazi kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua kama 7,500 kisha ikatulia. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba hatua peke yake ndiyo sababu. Lakini kwa anayekaa kutwa nzima, habari njema iko mwanzoni mwa ngazi, pale pa kutoka karibu na sifuri hadi kiasi kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ukizigawa kwa siku saba ni ishirini na kidogo. Zamani masharti yalidai kila kipande kiwe cha dakika kumi au zaidi. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Maana yake ngazi unazopanda badala ya lifti zinahesabika, na kutembea kwenda kununua vocha kunahesabika. Kipimo cha mwendo wa wastani hakihitaji saa ya mkononi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mimi simu za ndugu nazipokea nikitembea. Dada yangu ana maneno mengi, Mungu ambariki. Akinipigia najua wiki imekaa sawa. Siku hizi hata haniulizi mbona nahema.

Kwenye chakula sina mengi, kwa sababu nadhani watu wameshahubiriwa vya kutosha. Shirika hilohilo linasema angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isifike gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja kikiwa ndani yake na chumvi iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti. Usibadili sahani nzima kwa siku moja. Mboga ziwe za kwanza kuingia sahanini kabla ya kitu kingine chochote, na kichupa cha chumvi kitoke mezani kirudi kabatini. Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya wiki kadhaa, na kisha chakula cha zamani utakiona kina chumvi kama maji ya bahari. Anayetumia insulini, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au mjamzito, azungumze kwanza na mhudumu wake wa afya kabla ya kubadili mlo au kuongeza mazoezi. Na mwenye magoti mabovu aziache skwati zangu, apige pushapu za ukutani: mikono ukutani, miguu hatua moja nyuma, kifua kinakaribia ukuta na kurudi.

Kuhusu uwiano wa maisha, nina ubishi kidogo na wanaougawa kama mkate: kazi kipande hiki, familia kile, mapumziko kile. Hakuna wiki inayokatika hivyo. Kuna wiki ambayo kazi itakula kila kitu, na kuna wiki ya msiba au mgonjwa ambayo kazi itasubiri. Ninachofanya ni kuipa kila tabia saizi mbili. Ndogo ni ya lazima, kubwa ni ya hiari. Skwati tano birika likichemka ni lazima. Matembezi marefu ya jioni ni hiari. Kumsikiliza mwenzangu wakati wa chakula bila simu mezani ni lazima. Kutoka pamoja siku nzima ni hiari. Kosa la wengi ni kuifanya saizi kubwa kuwa ndiyo kawaida, basi siku wasipoiweza hawafanyi hata ile ndogo, kwa aibu tu. Wapo pia wanaoiongeza ile ndogo kila wiki kwa sababu inaonekana rahisi. Iache ibaki rahisi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Swali linalofuata huwa ni lini mtu aongeze tabia ya pili. Usitazame kalenda. Tazama kama umewahi kujikuta katikati ya jambo kabla hujakumbuka kuwa ulipanga kulifanya, umeshachuchumaa na birika ndiyo kwanza linapata moto. Ikianza kutokea hivyo mara kwa mara, ongeza ya pili, na uiweke upande mwingine wa siku. Kama ya kwanza ni ya asubuhi, hii iwe ya jioni, ili siku ikiharibika mapema isiondoke na zote mbili.