Kabla ya Kuifasiri Panchatantra, Chagua Matini Yako

Wenzangu wanaotaka kuchapisha fasihi ya kale ya India kwa Kiswahili huniuliza kwanza habari za kiwanda cha kupigia chapa, bei ya karatasi na idadi ya nakala. Nami huwarudishia swali moja: ni Panchatantra ipi, kati ya matini nyingi za kitabu hicho cha kale cha hadithi za wanyama kwa Kisanskriti, unayokusudia kuifasiri? Wengi hushangaa, kwa sababu walidhani kitabu hicho ni kimoja, na kwamba kazi iliyobaki ni kukifungua ukurasa wa kwanza na kuanza. Nilikuwa na dhana hiyo hiyo nilipofika Pune, mji wa India, kusoma Kisanskriti, na baadaye nilipoajiriwa kuwa mhariri msaidizi katika kampuni ndogo ya uchapishaji mjini humo, iliyokuwa ikitoa vitabu vya lugha mbili, matini asilia upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia.

Utangulizi wa kitabu husimulia kwamba mzee Vishnusharman aliahidi kuwafunza wana watatu wa mfalme hekima ya utawala kwa muda wa miezi sita, naye akawatungia mafungu matano ya hadithi. Maandishi yaliyotoka katika mkono wa mtungaji hayapo. Tuliyo nayo ni mapokeo mengi, kila moja likiwa na nyongeza, mapunguzo na mpangilio wake. Mtawa wa Kijaini aliyeitwa Purnabhadra alikamilisha pokeo lake mwaka 1199, na mtaalamu wa Kijerumani Johannes Hertel akalihariri na kulichapisha katika mfululizo wa Harvard mwaka 1908. Kuna pokeo jingine fupi zaidi, lililohaririwa Bombay katika karne ya 19. Kuna pia matini ya Franklin Edgerton ya mwaka 1924, ambayo si ya mswada wowote mmoja, kwa kuwa yeye alilinganisha mapokeo neno kwa neno akijaribu kuikaribia asili yao. Hitopadesha ya Narayana, ambayo watu wengi huichanganya na Panchatantra, ni kitabu kingine kilichochota humo na kwingineko.

Mswahili anao ushahidi wake mwenyewe wa uzito wa jambo hili. Askofu Edward Steere alipokusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, aliweka humo kisa cha punda wa dobi, ambamo kima anafanya urafiki na papa kando ya bahari. Papa anambeba mgongoni ili moyo wake ukawe dawa ya sultani wao, na kima anajiokoa kwa kusema kwamba wao makima huiacha mioyo yao mitini. Kisa hicho ndicho kiini cha fungu la nne la Panchatantra. Katika simulizi la Unguja kima anakaa juu ya mkuyu. Katika matini ya Purnabhadra nyani anakaa juu ya jambu, mti ambao sisi tunauita mzambarau. Katika matini ya Edgerton mti ni udumbara, ambao ni wa jamii moja na mkuyu wetu, na katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu, iliyotoka kwa Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8 kwa kupitia Kipahlavi, yaani Kiajemi cha zamani, mti ni mtini. Mfasiri asiyesema anatumia pokeo lipi atamwacha msomaji wa Pwani akidhani kwamba mzambarau umeingizwa kwa makosa, au kwamba bibi yake alikosea alipotaja mkuyu, na hakuna aliyekosea kati yao.

Kosa lililonifunza somo hili lilitokea ofisini kwetu, nami nilikuwa na sehemu yangu. Mfasiri alitumia toleo la Bombay alilolizoea tangu ujana wake. Mimi nilipoambiwa niandae matini ya Kisanskriti kwa kurasa za kushoto, nilichukua toleo la Hertel, kwa kuwa ndilo lililokuwa safi zaidi rafuni, wala sikuuliza. Tulipanga kurasa zaidi ya 60 kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba idadi ya beti haikulingana, kwamba upande wa kulia kulikuwa na hadithi nzima isiyokuwapo upande wa kushoto, na kwamba simba na mafahali walikuwa wakisema maneno ambayo tafsiri iliyokuwa mkabala nao haikuyajua. Kurasa zote zilivunjwa. Tangu siku hiyo, kabla ya kupokea sentensi moja ya tafsiri, humwomba mfasiri aandike kwa mkono wake jina la toleo, jina la mhariri, mwaka na kurasa, na karatasi hiyo hukaa juu ya jalada la kazi mpaka kitabu kitoke.

Toleo utakalolichagua lina suala la haki pia. Ni kweli kwamba Vishnusharman hamdai mtu, lakini mhariri wa kisasa aliyeunda matini kwa kulinganisha miswada, na mfasiri aliyekutangulia, wanaweza kuwa na haki katika kazi zao. Sheria ya India hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 60 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi za Ulaya hulinda kwa miaka 70. Hertel alifariki mwaka 1955 na Edgerton mwaka 1963, kwa hiyo hesabu zao si sawa, na zinategemea pia nchi utakakouza kitabu. Omba ruhusa kwa barua hata pale unapodhani huihitaji. Mara nyingi barua hiyo huleta faida isiyotarajiwa, kwa maana anayeshika haki huwa anajua pia makosa ya chapa ya toleo lake, na huyataja kwa hiari.

Kuhusu kurasa zinazotazamana, mfano mkongwe ni ule wa James Loeb, aliyeanzisha mwaka 1911 mfululizo wa vitabu vya Kigiriki na Kilatini vyenye tafsiri ya Kiingereza mkabala. Kwa upande wa India ulifuata mfululizo wa Clay, ulioanza kutoka mwaka 2005 na kuandika Kisanskriti kwa herufi za Kirumi, kisha ukaja mfululizo wa Murty, ulioanza mwaka 2015 chini ya uhariri mkuu wa Sheldon Pollock, ambao kwa kawaida huchapa kila lugha kwa hati yake: Kihindi cha kale kwa Devanagari, hati inayotumika pia kwa Kisanskriti, Kitelugu kwa Kitelugu, na mashairi ya Kipunjabi ya Bullhe Shah kwa hati ya Gurmukhi. Hoja za pande zote mbili nimezisikia zikijadiliwa kwa ukali. Kwa kitabu kitakachouzwa India mimi nasimama na hati asilia bila kusita, kwa sababu msomaji wa huko ana haki ya kuiona lugha ya babu zake katika sura aliyoizoea. Kwa toleo la Kiswahili rai yangu ni tofauti. Ukiacha familia chache za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinazosoma Devanagari au Kigujarati, hati hiyo itakuwa pambo kwa msomaji, na pambo hilo huongeza kurasa mara mbili na bei pamoja nazo. Chapa Kiswahili peke yake, kisha mwishoni uweke beti zote kwa herufi za Kirumi pamoja na namba zake, ili anayetaka kulinganisha asikwame.

Ukiamua kutumia Devanagari, basi tenga muda wa kusahihisha chapa kwa kiasi ambacho mwenye fedha hatapenda kukisikia. Matini nyingi zilizokwisha kupigwa taipu zimeandikwa kwa fonti za zamani zilizokuwapo kabla ya Yunikodi, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi katika kompyuta, na kuzihamisha huleta madhara ya aina yake. Alama ya irabu fupi i huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake, na programu ya kuhamishia ikikosea huisogeza kwenye konsonanti ya jirani, likazaliwa neno lisilokuwapo au, baya zaidi, neno jingine lenye maana. Jicho nalo hudanganywa na herufi zinazofanana, kama ba na va, gha na dha, bha na ma. Njia pekee niliyoiona ikifaa ni ya watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti kutoka toleo la msingi, silabi baada ya silabi, na mwingine akifuata kwa kalamu katika chapa ya majaribio. Tulifanya hivyo asubuhi tu, kwa sababu baada ya chakula cha mchana sikio husikia kile linachokitarajia.

Sasa nifike kwenye beti, ambako moyo wangu upo zaidi. Panchatantra ni nathari iliyopandikizwa mashairi, na mengi ya mashairi hayo ni ya bahari, yaani muundo wa ushairi, iitwayo shloka. Ubeti wa shloka una robo nne, na kila robo ina silabi 8, jumla 32. Yeyote aliyelelewa na tenzi ataona mara moja nilichokiona mimi usiku mmoja katika chumba changu cha kupanga nikiwa nahesabu kwa vidole: ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8, jumla 32. Ulinganifu huu haumaanishi kwamba bahari moja imezaa nyingine, na tofauti zao ni kubwa. Shloka haina vina vya mwisho, bali ina kanuni za silabi nzito na nyepesi, hasa kuanzia silabi ya tano hadi ya saba ya kila robo, ilhali utenzi hauulizi uzito wa silabi, unadai kina kimoja katika vipande vitatu vya mwanzo. Lakini chombo ni cha ukubwa uleule, na mfasiri wa Kiswahili amepewa zawadi ambayo mfasiri wa Kiingereza hana.

Nichukue ubeti mashuhuri ambao sehemu yake ya mwisho, vasudhaiva kutumbakam, ilikuwa kaulimbiu ya India ilipoongoza kundi la G20 mwaka 2023. Baada ya majaribio mengi niliufasiri hivi:

Huyu ni wetu nyumbani,
yule ni wa ugenini,
asema finyu moyoni;
mwema, dunia nduguze.

Mizani imetimia na vina vimetimia, lakini naona wazi nilichokipoteza. Neno udara la asili lina ukunjufu na ukarimu ndani yake, na “mwema” halibebi mzigo huo wote. “Karimu” lingefaa zaidi, ila lingezidisha mizani moja. Hasara za namna hii uziandike katika maelezo ya mwisho, kwa sentensi moja au mbili, wala usizifiche. Msomaji akiziona humwamini mfasiri zaidi.

Ubeti huo huo unaonyesha kwa nini maelezo yafuate matini uliyoichagua. Watu huunukuu kama wasia mtupu wa upendo. Katika Panchatantra unasemwa na mmoja wa Wabrahmani wanne walio safarini, ili mwenzao asiye na elimu aruhusiwe kwenda nao na kupata fungu lake. Muda mfupi baadaye wale watatu wenye elimu wanamfufua simba na kuuawa naye, na anayesalimika ni yule asiye na elimu, aliyetangulia kupanda mtini. Katika Hitopadesha maneno hayo hayo yamo kinywani mwa bweha anayetafuta njia ya kumla paa. Mchapishaji anayechapa ubeti bila kisa chake amechapa nusu yake.

Kwa wale wasiojua Kisanskriti, ambao ni wengi na ambao siwakatazi, nasihi yangu ni kwamba wasifasiri kutoka tafsiri moja ya Kiingereza na kuishia hapo. Chukueni mfano wa Arthur Ryder, aliyefasiri matini ya Purnabhadra mwaka 1925 kwa ustadi ninaouheshimu. Alizigeuza beti kuwa mashairi ya Kiingereza yenye vina, na majina ya wanyama akayafasiri pia, hata bweha Damanaka akapewa jina lenye maana ya mshindi. Ukifasiri kutoka kwake utakuwa unafasiri maamuzi yake, na mapambo aliyoyahitaji kwa ajili ya kina cha Kiingereza yataingia katika Kiswahili chako kana kwamba ni maneno ya Vishnusharman. Tafuta mtu anayesoma asili, umlipe, umweke jina lake kwenye ukurasa wa mbele, na mkae pamoja: yeye aeleze neno kwa neno, wewe uunde Kiswahili, kisha yeye akusikilize ukimsomea kwa kueleza tena maana yake.

Juu ya fedha nina machache. Anza na fungu moja kati ya matano, la nne likiwa fupi na lenye kisa ambacho wasomaji wetu wanakifahamu tayari, na uchape nakala chache utakazoweza kuzisahihisha katika chapa ya pili. Usipunguze gharama ya msahihishaji ili kupata jalada la rangi nyingi.

Katika toleo langu nimefuata Purnabhadra, na mti ni mzambarau. Yule makara, mnyama wa baharini anayefanya urafiki na nyani katika Kisanskriti, nimemwita mamba, ingawa nilishawishika sana kumwita papa. Nyuma ya ukurasa wa jina nimetaja toleo la Hertel na mwaka wake, na mwisho wa fungu la nne nimeweka maelezo ya nusu ukurasa kuhusu mkuyu wa Unguja, udumbara wa Edgerton na mtini wa Kiarabu, ili mtoto aliyekisikia kisa hiki nyumbani kwao akute mti wa bibi yake nao umetajwa.