Kanuni za boti kwa mtaa wa kando ya Ziwa Naivasha: anzeni na ufunguo

Mkuu, umeuliza hivi: mtaa wenu uko upande wa Moi South Lake Road, mna gati moja la pamoja lenye pampu ya maji, boti mbili za injini na kayaki kadhaa za wenyewe, na kamati imekutwika kazi ya kuandika kanuni. Ukaambatanisha rasimu uliyoitoa kwenye mtaa fulani wa Marekani wenye ziwa lake binafsi. Nimeipitia. Kwa ziwa lile inafaa sana. Huku kwetu nusu yake haitumiki, na mambo yanayoua watu Naivasha hayamo kabisa: viboko, visiki vilivyomezwa na maji, nyavu, na upepo wa mchana.

Jambo la kwanza ni mipaka yenu. Ziwa si mali ya mtaa. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, kwa hiyo mwenye nyumba akikuambia "hapa ni kwetu" kwa sababu bustani yake inaishia majini, mpuuze kwa heshima. Kamati inaweza kuamuru kuhusu gati, boti za pamoja, wakazi na wageni wao, basi. Ukaguzi na leseni za boti pamoja na vyeti vya manahodha ni kazi ya KMA, mamlaka ya usafiri wa majini. Viboko ni wa KWS, shirika la wanyamapori. Wavuvi wana BMU yao, yaani kikundi chao cha kusimamia ufuo, na nyavu zao zina haki ya kuwa pale zilipo. Kifungu cha rasimu yako kinachosema "wasio wakazi hawaruhusiwi ziwani" kifute leo, kabla hakijaleta ugomvi na wavuvi ambao siku moja ndio watakaowaokoa.

Sasa kanuni zenyewe. Rasimu ina vifungu zaidi ya arobaini na faini kila mahali. Faini za majirani hazilipwi. Mwenyekiti hatamdai mwalimu wa watoto wake elfu mbili kwa kuendesha boti kasi. Kanuni inayofuatwa ni ile iliyofungwa kwenye kitu cha kushikika, na kwenu kitu hicho ni ufunguo. Funguo za boti zote mbili zikae kwa soja wa geti, ndani ya kisanduku kimoja na zile kamba nyekundu za kuzimia injini, ambazo zikichomoka nahodha anapoanguka injini inazimika. Anayetaka boti anaandika kwenye daftari: jina, namba ya simu, idadi ya watu, anakoelekea, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Soja anahesabu majaketi yanayotoka. Watu watano, majaketi manne? Ufunguo unabaki kwenye kisanduku. Hakuna mjadala, na soja aambiwe wazi na kamati kwamba hatafokewa na mtu kwa kukataa, hata na mwenyekiti.

Daftari lina kazi nyingine ambayo wengi huisahau. Mtu akichelewa dakika 30, soja anapiga simu. Zikifika 60 bila jibu, anaita boti ya wavuvi au ya watalii iliyo karibu, kisha polisi 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Namba za manahodha wawili wa jirani ziandikwe kwa rangi ukutani kwenye gati, kwa sababu simu ya soja ndiyo hukosa chaji siku hiyo.

Saa. Viboko hutoka majini kula nyasi usiku na kurudi kabla ya jua kupanda, na njia zao hupita katikati ya mafunjo hapo hapo mlipo. Kwa hiyo hakuna chombo kinachoondoka kabla ya saa moja asubuhi, na hakuna kinachokuwa nje baada ya saa kumi na moja jioni. Katikati ya siku adui ni upepo. Asubuhi ziwa hulala kabisa, halafu mchana upepo huamka, na kwa kuwa kina si kirefu, mawimbi yanakuwa mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana haraka. Boti ya futi 16 inapigwa na la pili kabla haijamaliza kupanda la kwanza. Msihangaike na vipimo vya upepo. Wekeni hivi: mtu akisimama kwenye gati akaona mawimbi yakivunjika povu jeupe, hakuna anayetoka, na walio nje wanarudi kwa kufuata ukingo. Kayaki ziwe zimerudi saa tano asubuhi, povu liwepo lisiwepo.

Kuhusu viboko wenyewe, umbali wa mita 50 ndio wa chini kabisa, na mia ni bora. Kiboko anaweza kukaa chini kama dakika tano, kwa hiyo ulipomwona mwisho sipo alipo sasa. Ukiona mkondo wa mapovu unakuja upande wako, ni yeye anatembea chini. Ondoka kwa pembe, usimkatie njia. Kosa kubwa zaidi ni kupita kati yake na maji ya kina, maana hapo ndipo kimbilio lake lilipo. Waendesha boti wazoefu hugonga ubavu wa boti wanapokaribia kona za mafunjo ili aliye chini ajitokeze. Waigeni. Mwenye kayaki hana cha kugonga cha maana wala kasi ya kukimbilia, kwa hiyo abaki maji ya wazi na asisogelee mafunjo. Kuogelea? Pigeni marufuku, jengeni bwawa. Kuteleza majini kwa kuvutwa na boti, pamoja na zile pikipiki za majini, nazo ningezikataa moja kwa moja, kwa sababu mtu aliyeanguka anasubiri majini akielea, na anasubiri kwenye ziwa hili hili.

Visiki. Maji yalipopanda, hasa mwaka 2020, yalimeza migunga, ua, nguzo za mageti na magati ya zamani. Miti iliyosimama mikavu unaiona. Hatari ni iliyokatika, ambayo kichwa chake kiko sentimita 20 chini ya maji, na seng'enge ya ua wa zamani inayozunguka propela mara tatu hadi injini inazimika na huwezi hata kuiinua. Chukueni mti wa mita mbili wenye alama kila nusu mita, mpite polepole kwa kasia mkipima njia moja tu kutoka gatini hadi maji ya wazi, yenye upana wa mita 10 hivi. Wekeni alama pande zote mbili kwa mitungi mitupu ya lita 20 iliyopakwa rangi ya chungwa, kila mmoja ukiwa na kamba yenye urefu mara mbili ya kina na jiwe zito au ndoo ya zege chini yake. Njia ni hiyo tu, kutoka na kurudi. Pimeni upya kila mwezi, maana ziwa hupanda na kushuka, na njia iliyokuwa salama Machi inaweza kuwa na kisiki kufikia Septemba.

Ndani ya njia hiyo, na popote penye umbali chini ya mita 50 kutoka ukingoni, gatini au kwa mvuvi, mwendo ni wa mtu anayetembea haraka. Tazameni nyuma: boti ikiacha wimbi linalotikisa gati au kulaza mafunjo, ni kasi. Nyavu huwa na maboya madogo, mara nyingi chupa za plastiki au vipande vya ndala. Ukiziona mbele, zunguka. Ukishachelewa, toa gia, inua injini, pita juu kwa kasia. Usikate wavu wa mtu. Gugumaji nalo lina tabia yake: huziba matundu ya maji ya kupozea injini. Nahodha azoee kutazama ule mchirizi mwembamba wa maji unaotoka kando ya injini. Ukikatika, zima injini mara moja, iinue, safisha. Injini ikiachwa dakika chache bila maji, bili yake itaamsha kamati nzima.

Uzito. Kwa boti ya kawaida ya injini moja nyuma, isiyozidi futi 20, kuna hesabu ya haraka: urefu mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 16 kwa 5 ni 80. Gawanya, unapata 5 na kidogo. Watu watano, nahodha akiwemo, mtoto akihesabiwa mtu mzima. Andikeni namba hiyo ubavuni kwa rangi. Kibao cha mtengenezaji au cheti cha ukaguzi kikisema chini ya hapo, fuateni kile cha chini. Kumbukeni pia mko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo nguvu za farasi 15 mlizolipia hapa ni kama 12. Boti iliyojaa haiinuki juu ya maji, nyuma inazama, wimbi linaingia kupitia pale injini ilipofungwa. Wengi hununua injini kubwa zaidi. Mara nyingi propela ya pichi ndogo, yaani inayosonga umbali mfupi kwa kila mzunguko, inatosha, na ni nafuu.

Majaketi ya kuokoa maisha: ya povu, yenye nguvu ya kuelea ya 100 N (nyutoni) au zaidi, rangi ya chungwa, kila moja na filimbi iliyofungwa. Yale ya 50 N ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kayaki inaweza kuyatumia, abiria wa boti hapana. Yanayojipuliza kwa gesi ni mazuri kwa mtu binafsi, lakini kwa jaketi la pamoja hakuna anayekumbuka kukagua silinda. Yanavaliwa gatini, kabla ya kukanyaga boti, na yanavuliwa gatini. Jaribio ni hili: mtu akishavaa na kufunga, mshike mabegani pa jaketi uvute juu. Likifika masikioni, ni kubwa. La mtoto lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, vinginevyo atachomoka kama mfupa kwenye nyama iliyoiva. Yaanikeni kivulini, msiyakalie, na kila mwaka mmoja wenu aingie na kila jaketi kwenye bwawa la kuogelea aone kama bado linambeba. Povu huchoka kimya kimya.

Ndani ya boti: makasia mawili, nanga na kamba, kopo la kutolea maji, kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20 yenye boya, kizimamoto cha unga, tochi, kisu, koleo, na pini mbili za akiba za propela kama injini yenu ni ya aina inayotumia pini. Petroli igawanywe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, la dharura. Tangi la kubebeka lijazwe likiwa chini ardhini, si ndani ya boti, maana mvuke wa petroli ni mzito na hukaa sakafuni ukisubiri cheche. Injini ya mipigo miwili iliyoandikwa 50:1, yaani petroli hamsini kwa oili moja, inataka mililita 400 za oili kwa lita 20. Wekeni kikombe chenye alama, watu wakikadiria kwa jicho injini inakufa katikati ya ziwa. Kamba nyekundu inafungwa kwenye mguu au mkono wa nahodha muda wote injini inapowaka. Mtu anapopanda au kushuka, injini inazimwa. Kuitoa gia tu hakutoshi. Goti la mtu likigusa mkono wa gia, propela inazunguka.

Njia majini ni rahisi. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia. Chombo kilicho kulia kwako kina haki ya kupita. Anayempita mwenzake ndiye anayemkwepa. Mwenye kasia hapishi injini, injini ndiyo inayompisha.

Jambo moja sijaliona kwenye rasimu yako, nalo linanitia wasiwasi kuliko viboko: pampu ya maji pale gatini. Umeme ukivuja kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, mwili wa mtu unaupitisha kuliko maji yenyewe, na misuli inakufa ganzi. Mtu anazama bila kupiga kelele, na wa pili anayeruka kumsaidia anamfuata. Fundi mwenye leseni aweke kikata umeme cha kuvuja cha milliampea 30, nyaya zipite juu na si kuburuzwa majini, na swichi kuu iwe nchi kavu, ipakwe nyekundu. Mtu akizama karibu na gati, swichi inazimwa kwanza, kisha anarushiwa kamba.

Mtu akianguka kutoka kwenye boti: mmoja anyooshe kidole kumwonyesha na asigeuze macho, mwingine arushe boya, nahodha apinde upande ule ule alioangukia ili propela iende mbali naye, amrudie akiukabili upepo, azime injini, amtoe kwa ubavuni. Boti ikipinduka, kaeni nayo. Ukingo huonekana karibu kuliko ulivyo. Aliyetolewa akiwa hapumui, msimbinye tumbo kumtoa maji. Pumzi tano za mdomo kwanza, halafu mibano 30 ya kifua na pumzi mbili, mibano ikiwa 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kukoma hadi apumue au wahudumu wafike. Fanyeni mazoezi haya gatini mara mbili kwa mwaka, soja akiwemo, kwa maana yeye ndiye atakayekuwa hapo.

Wageni wa wikendi msiwape ufunguo hata wakionyesha cheti cha Mombasa. Wapelekwe na mkazi aliyepita njia ya mitungi. Nakala ya kanuni ipelekeni BMU kabla hamjaipigia kura, na muwaulize nyavu huwekwa wapi miezi hii.