Maswali yenu kuhusu Toyota Cami

Wiki hizi nimepokea maswali mengi kuhusu Cami, kale kagari kembamba kenye tairi la spea mgongoni. Wengi mnazo, wengine mnazitafuta. Nimechagua machache.

Shikamoo mzee. Cami iliacha kutengenezwa lini, na kwa nini hatuoni gari jingine kama lile? (Moshi)

Marahaba. Uzalishaji ulikoma 2006. Kiundani Cami ni Daihatsu Terios, iliyotoka 1997 na kupewa nembo ya Toyota 1999. Ikapokewa na Rush yenye injini ya 1500, nayo Japani ikasimamishwa 2016. Raize ikafuata 2019.

Hapo ndipo ninapoumia. Cami ina upana wa mita 1.55 tu, inapita kwenye uchochoro ambao Rav4 inageuzia njiani. Lakini ukilala chini yake unakuta gari la kazi: injini imekaa kwa urefu, eksele ya nyuma ni ya kipande kimoja, na zile za foo wili husukuma magurudumu yote manne muda wote. Raize ni gari la mjini lililonyanyuliwa. Inavuta kwa mbele, na hata yenye foo wili, nyuma huja kusaidia tu. Rush mpya ya Indonesia inasukuma nyuma peke yake. Aliyebaki karibu na wazo lile ni Suzuki Jimny, ila bei yake haishikiki kwa mwalimu au muuguzi wa kijijini, na hao ndio Cami iliwafaa kuliko wote. Waliiacha mapema mno.

Nitapata wapi spea za injini ikiwa gari lenyewe halitengenezwi tena? (Dodoma)

Usiogope. Fungua boneti usome namba ya injini. Ikiwa ni K3, umepona: ndiyo injini ya Passo ya 1300 ya toleo la kwanza na ya bB za 1300 za toleo la pili, kwa hiyo vitu vya ndani kama pistoni, ringi na cheni ya taimingi vimejaa Kariakoo na Ilala. Tahadhari moja: usinunue injini nzima ya Passo ukidhani itaingia hivyo hivyo. Kwenye Passo injini imekaa kwa mkingamo, si kwa urefu kama kwenye Cami.

Cami za mwanzo kabisa, kabla ya 2000, zina injini ya HC. Hiyo inatumia mkanda wa taimingi. Ukinunua gari bila kujua mkanda ulibadilishwa lini, badilisha siku hiyo hiyo.

Fundi wangu anasema tutoe propela ya nyuma ili gari lipunguze kula mafuta. Nikubali? (Mbeya)

Usikubali, ndugu yangu. Nimeona Cami kadhaa zikiharibiwa hivi. Katikati kuna difu inayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Ukitoa propela ya nyuma, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye eksele ya nyuma, nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo: injini inaunguruma, gari limesimama. Ili litembee, itabidi difu ya kati ilokiwe saa zote, na sasa sehemu za mbele zinabeba peke yake kazi iliyopaswa kugawanywa kwa nne. Na ule mlima wa kwenda shambani hutaupanda tena wakati wa masika.

Ukitaka mafuta yapungue, anza na plagi, chujio la hewa na upepo wa matairi. Halafu hakikisha matairi yote manne ni saizi moja na yameisha sawasawa. Ukichanganya jipya na kipara, difu ya kati inasaga hata kwenye lami iliyonyooka. Kitufe cha kuloki difu ya kati, ikiwa chako kipo, ni cha tope na mchanga tu. Ukifika kwenye lami, kitoe.

Naweza kuagiza Cami kutoka Japani nije nayo Nairobi? (Kenya)

Hapana. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Cami ya mwisho kabisa ilishapita umri huo zamani. Nunua iliyomo nchini.

Terios Kid ni gari lile lile? (Tanga)

Ni ndugu yake mdogo. Injini yake ni cc 659 yenye taabo, na ilidumu hadi 2012. Usinunue spea ya injini ya mmoja kwa ajili ya mwingine.

Mlango wa nyuma wa Cami yangu umeshuka, haufungi vizuri. (Bagamoyo)

Ni uzito wa lile tairi la spea, dada. Bawaba zimelegea. Tua tairi kwanza, kisha fundi bodi anyanyue mlango na kukaza bawaba au kuzibadilisha. Asiukate mlango. Karibu na bahari kama ulivyo, mwambie akague kutu nyuma ya kishikizo cha tairi. Maji ya chumvi hujificha pale, na usipotoa tairi huwezi kuiona.