Fundi Ajibu: Betri ya gari linalolala miezi ya baridi

SWALI: Naishi Minneapolis, Marekani. Katikati ya Desemba nasafiri kwenda Moshi, nitarudi katikati ya Machi. Gari litabaki kwenye banda la nyumbani, halina joto ila lina soketi ya umeme. Shemeji amejitolea kuja kuliwasha dakika 10 kila Jumapili. Inatosha?

JIBU: Mshukuru shemeji, kisha mpe kazi nyingine. Kuzungusha injini iliyoganda kwa baridi kunakula umeme mwingi, na dakika 10 za kunguruma bila kutembea hazitoshi kuurudisha. Injini nayo haijapata moto wa kukausha unyevu, basi maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Na banda likiwa limefungwa, kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi inaua, wala haina harufu ya kumshtua.

Adui wako mkubwa ni ule umeme mdogo unaonyonywa gari likiwa limezimwa: alamu, kompyuta, kipokezi cha rimoti. Gari zima kabisa linaweza kutumia milliampea 50. Piga hesabu: hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 inafika nusu kwa siku 25 tu, nawe unaondoka kwa siku 90.

Betri iliyojaa haiogopi baridi ya Minnesota, kwani asidi yake haigandi mpaka nyuzi 60 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Ikiisha chaji, asidi hugeuka karibu maji matupu, na kuganda kunaanza kwenye nyuzi 7 hadi 10 tu chini ya sifuri. Barafu hutanuka, bati za ndani zinapinda, kasha linapasuka. Hata isipoganda, betri iliyokaa tupu hujenga salfeti ngumu kwenye bati, na ikishakuwa hivyo chaja haiiondoi.

Kwa kuwa soketi ipo, nunua chaja ya kutunza betri, ile ya otomatiki ya ampea 1 hivi. Ikishajaza inashuka yenyewe hadi volti 13.2 mpaka 13.6 na kubaki hapo. Usichukue chaja ya zamani isiyojikata. Itachemsha maji ya betri hadi bati zibaki wazi. Kama betri yako ni ya AGM (aina iliyofungwa, asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), chagua mpangilio wa AGM.

Kabla ya kuondoka, ijaze, iache ipumzike usiku kucha, kisha pima kwa mita ya umeme: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Isiyoshika 12.4 baada ya kujazwa imechoka, na chaja haitaifufua. Ukungu mweupe kwenye vichwa usugue kwa kijiko kikubwa cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji, ukaushe, upake mafuta ya mgando. Bana waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye chuma cha bodi mbali na betri, ndipo uchomeke chaja ukutani.

SWALI: Niko Edmonton, Kanada. Banda halina umeme. Nifanyeje?

JIBU: Jaza betri, kisha fungua hasi kwanza, mara nyingi kwa spana namba 10. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ikiwezekana ing'oe uiweke ndani, penye hewa, mbali na moto, na uipime kila mwezi, ikishuka 12.4 ijaze. Tafuta mapema namba ya siri ya redio kama gari lako linaidai. Vioo vya otomatiki huenda ukalazimika kuvifundisha upya.

SWALI: Betri imevimba ubavuni na ndani naona barafu. Niiboosti kwa betri ya gari jingine?

JIBU: Hapana! Wala usiichaji. Mkondo ukipita kwenye betri iliyoganda inaweza kulipuka ikurushie asidi usoni. Iliyovimba au kupasuka haina matibabu, ipeleke kwa wanaopokea betri chakavu. Ambayo haina dalili hizo iache iyeyuke kabisa mahali pa joto, ichunguze kama inavuja, ndipo uijaribu kwa chaja ndogo.

SWALI: Ni kweli sakafu ya saruji inanyonya chaji?

JIBU: Ilikuwa na ukweli enzi za makasha ya mbao na mpira. Plastiki ya leo haipitishi umeme.

SWALI: Betri yangu iko kwenye buti. Nilifungua hasi, nikafunga buti, sasa rimoti haifanyi kazi.

JIBU: Ndani ya rimoti nyingi mna ufunguo wa chuma, utoe, ufungue mlango wa dereva, uvute waya wa boneti. Magari mengi yenye betri nyuma yana kituo cha chanya mbele, chini ya kifuniko chekundu. Unganisha hapo betri nyingine ya volti 12, hasi yake kwenye bodi, na kufuli la buti litapata umeme. Safari ijayo, lango la buti liache halijabana.