Ukihesabu ndugu waliougua, usiuruke upande wa baba

Daktari akiuliza kama kwenu kuna saratani ya matiti, wengi hutaja mama, bibi mzaa mama na mama wadogo, basi. Kwetu waliougua ni shangazi zangu: mmoja ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, mwingine titi. Baba alikuwa mzima wa afya, kwa hiyo hakuna aliyedhani jambo hilo linanihusu.

Linanihusu sana. Jeni za BRCA1 na BRCA2 husaidia kukarabati DNA iliyoharibika, na yenye hitilafu hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata. Mwanamume anaweza kuibeba asiugue kamwe, akawaachia binti zake.

Kwa hiyo kaa na wazee, uliza. Nani aliugua, sehemu gani, akiwa na umri gani? Ukiambiwa "alikufa kwa uvimbe wa tumbo", usiishie hapo, maana huenda ilikuwa ovari. Nilichora ukoo wetu kwenye karatasi, wanawake duara, wanaume mraba. Shangazi mdogo aliichukua kalamu mwenyewe, akaandika 38 ndani ya duara lake. Wanawe hawakuwahi kuambiwa umri huo.

Kama aliyeugua yuko hai na ameridhia, apimwe jeni yeye kwanza. Hili nalisisitiza kuliko yote. Hitilafu ikionekana kwake, nyinyi wengine mtatafutiwa hiyohiyo, na usipokuwa nayo, umeepukana na hatari hiyo ya ukoo. Ukianza wewe mzima, jibu la "hakuna" linaweza kukuacha njia panda: huenda hukurithi, au huenda tatizo la kwenu liko kwenye jeni nyingine. Pia kuna jibu la tatu, badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Kwa jibu hilo peke yake, usikubali kukatwa chochote.

Ukikutwa nayo, hatari ni kubwa kweli: takriban wanawake 7 kati ya 10 hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Titi lina uchunguzi wa kila mwaka kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ambao huanza mapema, hata miaka 25. Ovari haina kipimo cha kutegemewa cha kuigundua mapema, ndiyo maana mwenye BRCA1 hushauriwa kutolewa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40, akishamaliza kuzaa.

Kaka zako nao waambie. BRCA2 hasa huwaongezea hatari ya saratani ya tezi dume, na wao pia wana mabinti.