Soma tofauti, usisome kimo

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nasoma kidato cha tano, naishi Mbagala. Tulipewa mchoro wa nishati wa kuvunjika kwa haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Mstari wa kuanzia uko kwenye 98, kilele kwenye 173, mazao kwenye sifuri, zote kilojuli kwa moli. Niliandika nishati ya kuamsha ni 173, nikakoseshwa. Halafu, kichocheo kikishusha kilele, joto linalotoka halipungui? Na mbona mchoro wenye kichocheo una vilima viwili?

JIBU: Mwanetu, namba za mhimili wima zinaonyesha kila kitu kiko wapi tu. Jibu hupatikana kwa kutoa. Nishati ya kuamsha, yaani nishati ndogo kabisa inayohitajika ili mmenyuko uende, ni kilele toa mstari wa kuanzia: 173 − 98 = 75. Badiliko la joto ni mazao toa mwanzo: 0 − 98 = −98. Alama ya kutoa usiiache, maana ndiyo inayosema kwamba joto linatoka.

Hiyo 173 yako ina maana yake. Ni nishati ya kuamsha ya mmenyuko wa kurudi, maji na oksijeni vikitengeneza peroksaidi, kwa sababu hapo safari inaanzia kwenye sifuri. Kwa hiyo kabla ya kutoa, weka kidole kwenye mstari ambako mmenyuko ulioulizwa unaanzia. Wengi hukosea hapo, hasa mtahini anapouliza wa kurudi.

Angalia pia mlinganyo. 98 ni ya moli moja ya peroksaidi. Ukiandika 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, joto linakuwa kilojuli 196, lakini nishati ya kuamsha inabaki 75. Hiyo haizidishwi kwa namba za mlinganyo.

Sasa kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Ukitia potasiamu ayodaidi, nishati ya kuamsha inashuka hadi kama 56. Kilele kinakuwa 98 + 56 = 154. Kwenda kumepungua 19, na kurudi pia kumepungua 19, kutoka 173 hadi 154. Mwanzo na mwisho havikusogea, kwa hiyo joto ni lile lile −98. Chombo cha mmenyuko kitapata moto haraka zaidi kwa sababu joto hilo linatoka kwa muda mfupi, si kwa sababu limeongezeka. Hizo 19 tu, mambo mengine yakibaki vilevile, zinakuza kasi zaidi ya mara 2,000 kwenye nyuzi 25.

Vilima viwili ni hatua mbili. I⁻ ni ayodaidi inayotoka kwenye potasiamu ayodaidi. Kwanza H₂O₂ + I⁻ → H₂O + IO⁻, kisha H₂O₂ + IO⁻ → H₂O + O₂ + I⁻. Bonde la katikati ndipo ilipo IO⁻, kitu halisi kinachozaliwa na kuliwa humo humo. Kwenye kilele hakuna kitu cha kuhifadhi chupani, ni hali ya mpito tu, pale viungo vya zamani vinapokatika na vipya vinapoanza kuungana. Hapa kilima cha kwanza ndicho kirefu, nacho ndicho kinachoamua kasi. I⁻ imeingia hatua ya kwanza ikatoka ya pili, ndiyo maana tunaiita kichocheo.

Mhimili mlalo si saa. Mchoro uliovutwa kwa upana haumaanishi mmenyuko wa polepole.

Na joto la hewa halishushi kilima. Linaongeza idadi ya molekuli zenye nguvu ya kukivuka. Kwa kilima cha 75, kutoka nyuzi 20 hadi 30 kasi inapanda karibu mara 2.8. Kwa joto la Dar, basi, chupa ya peroksaidi ya kusafishia vidonda iwekwe kabatini penye ubaridi, mbali na jua la dirishani, na kilichomiminwa kisirudishwe chupani, maana chembe kidogo za chuma au uchafu zinatosha kuwa kichocheo.